Thairoksini ya ng'ombe ikishuka msimu wa joto, je, ni ugonjwa wa tezi?

Swali: "Daktari, habari za kazi. Niko Muheza, nafuga ng'ombe wawili chotara wa Friesian, nawalisha bandani. Kila ikifika Januari na Februari maziwa yanaporomoka. Mmoja aliyezaa mwezi wa kumi na mbili alifika lita 14 kwa siku, sasa hafiki 9. Mpwa wangu anayesomea mifugo alimtoa damu akaipeleka maabara, majibu yakasema homoni ya thairoksini iko chini ya kiwango. Muuza dawa mmoja ananishauri nimchome sindano ya kuamsha tezi, mwingine anasema nimpe madini joto kwa wingi. Jirani yangu anasema mchawi ni lusina. Chakula chao ni majani ya tembo, lusina, majani ya muhogo kidogo, pumba na mashudu ya alizeti. Kaka yangu yuko Lushoto, ana ng'ombe wa damu hiyo hiyo na hana shida hii. Je, ng'ombe wangu ana ugonjwa wa tezi? Nimtibu vipi?" Mama Zuhura, Muheza.

Nzuri, mama Zuhura. Kwa maelezo uliyonipa sioni ugonjwa wa tezi. Naona ng'ombe aliyezidiwa na joto, anayekula pungufu, na aliyezaa si muda mrefu. Kila moja ya hayo matatu, hata likija peke yake, huishusha thairoksini kwenye damu. Kwako yamekuja yote kwa mpigo, na damu ikachukuliwa katikati yake. Ningeshangaa kama majibu yangetoka ya kawaida. Kwa hiyo sindano iweke pembeni, na hayo madini joto ya kwa wingi usiyaguse mpaka umalize kunisoma. Lusina, huo mti wa malisho, nitaijia, maana jirani yako hajapotoka kabisa.

Tezi ya thairoidi iko shingoni, vipande viwili vilivyolala kushoto na kulia mwa koo la hewa, chini kidogo ya zoloto. Kwa ng'ombe mzima huioni kwa macho. Hunyonya madini joto, yaani ayodini, kutoka kwenye damu na kutengeneza homoni mbili. Ya kwanza ni thairoksini, ambayo maabara huiandika T4 kwa kuwa ina atomu nne za ayodini. Ya pili ina atomu tatu, nayo huandikwa T3. Tezi hutoa T4 kwa wingi, lakini T4 ni akiba tu. Inayofanya kazi hasa ni T3, na sehemu kubwa ya T3 hutengenezwa nje ya tezi, kwenye ini, figo na viungo vingine, kwa kuinyang'anya T4 atomu moja. Ndiyo maana karatasi yenye namba ya T4 peke yake inaeleza nusu ya habari, pengine pungufu ya nusu.

Kazi ya T3 ni kuchochea uchomaji wa chakula mwilini. Ikipanda, seli hutumia oksijeni zaidi, moyo hupiga kwa kasi, utumbo husukuma chakula haraka, kiwele hupata malighafi zaidi. Uchomaji huo wote huzaa joto. Ng'ombe wa maziwa tayari ni jiko linalowaka mchana na usiku: bakteria wa tumbo la kwanza wanachachusha majani na kutoa joto, kiwele nacho kinatoa joto kikitengeneza maziwa. Nje kukiwa na ubaridi, joto hilo hutoka lenyewe. Nje kukiwa na fukuto, halina pa kwenda. Mwili wa ng'ombe hubaki na njia mbili, kulitoa kwa nguvu kwa jasho na kuhema, au kuzalisha kidogo. Kushuka kwa thairoksini ni sehemu ya hiyo njia ya pili. Ubongo huhisi joto, hupunguza amri inayokwenda kwenye tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, nayo pituitari hupunguza msukumo wake kwa thairoidi. Hakuna kilichoharibika. Mwili unafanya kilicho sahihi ili ng'ombe asife.

Jambo hili lina umri mrefu kwenye sayansi. Katika Chuo Kikuu cha Missouri, Marekani, Samuel Brody na wenzake walijenga vyumba maalumu vya kufugia ng'ombe wakidhibiti joto, unyevu, upepo na hata mwanga. Mwaka 1955, Blincoe na Brody walichapisha kazi waliyoifanya kwa kuwapa ng'ombe ayodini yenye mnururisho na kuangalia tezi inavyoitumia. Joto lilipopanda, kazi ya tezi ilipungua. Walipima pia athari ya kumnyima ng'ombe chakula, maana tangu wakati huo walijua kwamba joto na njaa ni vigumu kuvitenganisha. Mwaka 1967 Yousef, Kibler na Johnson, wa chuo hicho hicho, waliangalia kinachotokea hewa inapobadilika ghafla, na ikaonekana tezi haifuati hewa papo kwa papo. Huchukua siku. Jua kali la mchana mmoja halitaonekana kwenye damu. Wiki sita za kaskazi zitaonekana.

Sasa tuje Muheza. Ng'ombe wa Friesian anayekamuliwa hujisikia vizuri hewa ikiwa kati ya nyuzi 5 na 25 hivi. Chotara huvumilia zaidi kidogo, kutegemea damu ya zebu, ng'ombe wetu wa asili wenye nundu, aliyonayo. Lakini kwa watu wa pwani kipimajoto peke yake kinadanganya, kwa sababu unyevu hewani huzuia jasho kukauka, na jasho lisilokauka halipozi. Wataalamu hutumia hesabu inayounganisha joto na unyevu na kutoa namba moja. Zamani tulifundishwa kwamba mateso huanza namba ikifika 72, na kwa ng'ombe wa maziwa mengi siku hizi husemwa 68. Siku ya nyuzi 31 na unyevu wa asilimia 75 inatoa 84. Hiyo ni mbaya, na mfugaji yeyote wa ukanda wenu anaijua kwa kuona ulimi nje. Linalosahaulika ni usiku. Usiku wa nyuzi 24 na unyevu wa asilimia 90 bado unatoa 74. Maana yake ng'ombe wako hapati hata saa chache za kulitoa joto alilobeba mchana. Kwa kaka yako, juu milimani Lushoto, mchana wa nyuzi 19 wenye unyevu ule ule wa asilimia 75 unatoa 65. Damu ya ng'ombe inaweza kuwa moja, lakini nchi wanazoishi ni mbili tofauti.

Hapo hatujagusa chakula. Ng'ombe aliyepatwa na joto hupunguza kula kwa hiari yake, kwa sababu kula ni kujiongezea joto, hasa majani magumu yenye nyuzinyuzi nyingi. Sasa, chakula kikipungua, tezi nayo hupungua kwa sababu yake yenyewe. Ng'ombe aliyenyimwa chakula, hata akiwa kwenye hewa nzuri kabisa, T4 na T3 hushuka ndani ya siku chache. Ini hupunguza kuigeuza T4 kuwa T3, na mwili unaingia kwenye matumizi ya kubana. Tena inakwenda duara: homoni zikishuka, tumbo la kwanza linakuwa zito kusukuma, chakula kinakaa muda mrefu ndani, ng'ombe anajisikia ameshiba, anakula kidogo zaidi. Ukimwona anacheua kwa uvivu na kuacha nusu ya majani kwenye hori, usidhani amekuwa mchaguzi.

Swali ambalo mpwa wako atauliza ni hili: basi kinachopunguza maziwa ni joto, au ni kula kidogo? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona walilishughulikia vizuri. Waliweka kundi moja kwenye joto likala litakavyo, na kundi jingine kwenye hewa ya ubaridi likapewa kiasi kile kile kidogo walichokula wenzao. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2009, na kazi zilizofuata, kupungua kwa chakula kulieleza kati ya theluthi moja na nusu ya maziwa yaliyopotea. Yaliyobaki ni joto lenyewe, linavyobadilisha homoni na namna mwili unavyotumia sukari. Nalisema hili kwa sababu wafugaji wengi husikia "ng'ombe hali" wakakimbilia kumwongezea pumba. Pumba nyingi kwa ng'ombe anayehema huchafua tumbo la kwanza kwa asidi, na kesho yake hali hata zile alizokuwa akila.

Kisha kuna kuzaa. Ng'ombe wa maziwa katika wiki za mwanzo baada ya kuzaa huwa na T4 na T3 za chini hata Uholanzi kwenye baridi, hata akilishwa vizuri. Kiwele kinadai nguvu nyingi kuliko anazoweza kula, mwili unayeyusha mafuta yake, na homoni zinashuka mpaka atakapoanza kula kufidia deni. Wa kwako alizaa Desemba, kaskazi ikiwa imeshaanza, akafika lita 14 kwa nguvu za mwilini mwake. Kisha akaishiwa.

Kwa hiyo ile karatasi ya maabara isome hivi. Kwanza, "kiwango cha kawaida" kilichoandikwa pembeni mara nyingi kimetoka kwa ng'ombe wa nchi za baridi, wakiwa katika hatua mbalimbali za kukamuliwa. Pili, ng'ombe mmoja hawezi kukuambia lolote kuhusu tezi. Tatu, maradhi mengine huishusha thairoksini bila tezi kuwa na kosa, na kwa Muheza ningemwangalia kwanza minyoo, ndigana inayoletwa na kupe, na nagana inayoletwa na mbung'o. Utafiti uliofanywa Afrika Mashariki miaka ya 1980 kwa mbuzi walioambukizwa vijidudu vya nagana ulionyesha thairoksini ikiporomoka. Kama ng'ombe wako ana homa asubuhi na mapema, kabla jua halijawaka, hilo si joto la hewa, mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Joto la mwili la kawaida ni nyuzi 38.5 hivi. Likiwa zuri alfajiri na likapanda kupita 39.2 alasiri, mtuhumiwa ni hali ya hewa.

Kipimo changu ninachokipenda hakihitaji maabara. Simama ubavuni mwa ng'ombe akiwa ametulia kivulini, saa tisa alasiri, uhesabu ubavu unavyopanda kwa dakika nzima. Hadi 40 hivi yuko sawa. Kupita 60 anateseka. Akifika 80 na zaidi, anachokifanya kutwa ni kuhangaika kupumua, maziwa ni ziada.

Kuhusu ile sindano. Wazo la kumwamsha ng'ombe kwa homoni ya tezi si geni, tena lilijaribiwa kwa uzito kuliko muuza dawa wako anavyodhani. Miaka ya 1940, Missouri hiyo hiyo, Turner na Reineke walionyesha kwamba kasini, protini ya maziwa, ikichanganywa na ayodini kwa utaratibu fulani huwa na nguvu ya thairoksini, na ng'ombe anaweza kuilishwa. Maziwa yalipanda kweli. Lakini ng'ombe walikonda, mioyo ilienda mbio, walihitaji chakula zaidi kukidhi moto uliowashwa, na walipoachishwa, maziwa yalishuka kwa kishindo. Wafugaji wakaiacha. Na hapo tunazungumzia ng'ombe wa nchi zenye majira ya baridi. Yousef na Johnson mwaka 1966 walionyesha kwamba thairoksini huongeza joto analozalisha ng'ombe. Wewe una ng'ombe ambaye shida yake ni joto kumzidi, halafu mtu anataka akuuzie dawa ya kumwongezea joto. Ukimchoma Februari unaweza kumuua, na ukiwa na bahati atakonda tu. Tezi itaamka yenyewe kusi likianza kuvuma na chakula kikirudi.

Na lusina? Hapa nakaa kidogo, kwa sababu Tanga nzima imepanda lusina na mimi mwenyewe naipenda. Protini yake ni nyingi, inavumilia kiangazi, ukikata inachipua. Tatizo ni mimosini, kemikali iliyojaa zaidi kwenye vichipukizi na majani machanga. Tumboni mwa ng'ombe mimosini hubadilishwa kuwa kemikali nyingine, kwa kifupi DHP, na hiyo ndiyo inayoizuia tezi isiweze kufunga ayodini kwenye homoni. Kule Australia ng'ombe waliolishwa lusina nyingi walivimba tezi, thairoksini ikashuka, nywele zikanyonyoka hasa mkiani, wakatoa mate mengi na kudumaa. Mtafiti Raymond Jones akajiuliza mbona mbuzi wa Hawaii wanakula lusina kwa wingi bila kudhurika. Jibu lilikuwa bakteria. Tumboni mwa mbuzi hao walikuwamo bakteria wanaoimaliza DHP. Wakahamishiwa kwenye matumbo ya ng'ombe wa Australia mwanzoni mwa miaka ya 1980, na madhara yakapungua. Mwaka 1992 bakteria huyo alipewa jina la Synergistes jonesii, kwa heshima ya Jones.

Huwezi kujua kwa macho kama ng'ombe wako wanao bakteria hao. Kwa hiyo fuata kiasi: lusina isizidi asilimia 30 ya chakula kikavu, yaani chakula kikihesabiwa bila maji yake. Ng'ombe wa kilo 400 anakula kama kilo 12 za chakula kikavu kwa siku, hivyo mwisho wake ni kilo 3.6 kavu, sawa na kilo 12 hivi za majani mabichi. Pima mzigo wako kwenye mizani angalau mara moja, usikisie. Wakati wa kiangazi majani ya tembo yakikauka, wengi huongeza lusina bila kujijua mpaka inafika nusu ya hori. Kama hilo limetokea kwako, basi jirani yako anastahili heshima yake. Punguza taratibu kwa wiki moja, usikate ghafla. Na elewa kwamba kwa DHP, kumwongezea ayodini hakusaidii kitu kikubwa, kwa sababu ayodini inaingia kwenye tezi vizuri, kinachokwama ni kufungwa kwake.

Majani ya muhogo ni habari nyingine. Yana sianidi iliyofichwa, na ini la ng'ombe linapoiondoa sumu hiyo hutengeneza thiosayanati. Hii hugombea mlango na ayodini kwenye tezi. Kwa kuwa ni ugomvi wa mlangoni, ayodini ikiwa nyingi kiasi hushinda, kwa hiyo hapa madini joto yanasaidia kweli. Katakata majani, yaanike yanyauke vizuri kabla ya kulisha, usiwape mabichi ya muhogo mchungu. Kwa hicho "kidogo" unachosema, sina wasiwasi. Kabeji na sukuma wiki zilizotupwa sokoni, ambazo wafugaji wa karibu na miji hulisha kwa magunia, zina aina yake ya kemikali zinazosumbua tezi. Hukuzitaja, basi nazipita.

Sasa hayo madini joto. Ng'ombe anayekamuliwa anahitaji kama miligramu 0.5 ya ayodini kwa kila kilo ya chakula kikavu. Kwa kilo 12 ni miligramu 6 kwa siku. Akila vyakula vinavyoisumbua tezi, tunaongeza maradufu, yaani 12. Chumvi ya mezani tuseme ina miligramu 40 kwa kilo. Ukimpa gramu 50 kwa siku anapata miligramu 2, nyingine zinatoka kwenye majani na maji kulingana na udongo. Kwa hiyo chumvi peke yake haitoshi sana, lakini jiwe la kulamba au unga wa madini wa ng'ombe wa maziwa, wenye ayodini iliyoandikwa kwenye lebo, unaziba pengo. Basi. Huhitaji chupa ya dawa. Ayodini ikizidi, ng'ombe hutoa machozi na kamasi, hukohoa, ngozi inakuwa na magamba. Kabla hata ya kufika huko, ziada inapita kwenye maziwa na kuingia kwa watoto wanaoyanywa. Ulaya sheria imeweka kikomo cha miligramu 5 kwa kila kilo ya chakula cha ng'ombe wa maziwa kwa sababu hiyo hiyo ya wanywaji. Kumbuka pia kama unachovya chuchu kwa dawa yenye ayodini, kiasi fulani kinaingia kwenye maziwa kupitia ngozi.

Madini mengine yanayosahaulika ni seleniamu. Kimeng'enya kikuu kinachoigeuza T4 kuwa T3 kwenye ini kinategemea seleniamu. John Arthur na wenzake kule Aberdeen, Uskoti, walionyesha mwaka 1988 kwamba ng'ombe wenye upungufu wa seleniamu walikuwa na T4 ya juu na T3 ya chini. Unaona tena kwa nini T4 peke yake inapotosha? Kwenye lebo ya madini utafute majina yote mawili.

Nikikuambia nani wa kuogopa upungufu wa ayodini, ningemtaja kaka yako kabla yako. Mvua za miaka mingi huiosha ayodini kutoka kwenye udongo wa milimani, ilhali maeneo yaliyo karibu na bahari hupata kidogo kutoka kwenye hewa na mvua ya baharini. Ndiyo maana kwa binadamu rovu, uvimbe wa tezi shingoni, lilijulikana zaidi Nyanda za Juu Kusini kuliko pwani. Mwambie achunguze ndama. Ng'ombe mkubwa mwenye upungufu anaweza kuonekana mzima kabisa, huku ndama akizaliwa dhaifu, ana uvimbe shingoni, manyoya machache au hana, au amekufa. Ndama mzima huzaliwa na thairoksini nyingi kuliko atakavyowahi kuwa nayo tena maishani, kwa sababu anatoka kwenye tumbo lenye nyuzi 38 na kuangukia usiku wa Julai wa Lushoto akiwa amelowa. Homoni hiyo ndiyo inayowasha mafuta yake maalumu ya kujipasha joto. Kwa ng'ombe wako wewe, kama alizaa ndama mwenye nguvu, shingo nyembamba na manyoya yake yote, hiyo ni ripoti nzuri ya tezi kuliko karatasi ya maabara.

Kinachomtibu ng'ombe wako ni kumpoza na kumlisha kwa saa zinazofaa. Banda la bati lililo chini ni tanuri. Liinue, au weka makuti juu ya bati, fungua kuta zote ili upepo upite, na kama unajenga upya elekeza urefu wa banda mashariki na magharibi. Maji yawe kivulini, safi, muda wote. Ng'ombe wa maziwa kwenye joto hilo hunywa lita 80 hadi 100, kwa hiyo ndoo moja asubuhi na moja jioni ni kumuonea. Ukimmwagia maji, mloweshe mpaka ngozini kisha aupate upepo. Kunyunyiza ukungu kwenye banda lililofungwa, kwa unyevu wa Muheza, kunaongeza fukuto tu. Chakula kikubwa mpe kuanzia jioni jua likizama na alfajiri, ili joto la uchachushaji, ambalo hupanda saa chache baada ya kula, lisikutane na jua la saa nane. Majani ya tembo yakate yakiwa machanga, urefu wa kiunoni hivi, uyakatekate. Mashina magumu yaende kwenye shimo la mbolea.

Kama mpwa wako bado ana hamu ya kupima, na ninamuunga mkono, basi achukue damu Juni au Julai, kwa ng'ombe hao hao na wa majirani angalau sita, saa ile ile ya asubuhi, aombe T4 na T3 zote mbili, na aandike siku tangu kuzaa. Zikiwa chini hata kusi likivuma na ng'ombe wakila vizuri, hapo tutaanza kuisema tezi, na lusina itakuwa ya kwanza kuhojiwa. Njia nyingine nzuri ya kujua hali ya ayodini kwa kundi ni kupima maziwa yenyewe, hasa pale ambapo hakuna anayetumia dawa ya chuchu yenye ayodini.

Limebaki moja ambalo hukuliuliza. Kwa desturi ungempandisha huyu mzazi kati ya Februari na Machi. Kwenye joto hili uwezekano wa kushika mimba ni mdogo, na mbegu utalipia kila mara. Mimba ya ng'ombe ni siku 280 hivi. Akipandishwa katikati ya Juni atazaa mwishoni mwa Machi, masika ikianza, majani yakichipua na hewa ikianza kupoa, na kilele cha maziwa kitaangukia kwenye ubaridi wa kusi. Utakuwa umekaa miezi 15 kati ya uzazi na uzazi badala ya 12 au 13. Mimi ningeikubali hasara hiyo. Yule wa pili hukuniambia alizaa lini wala kama ana mimba. Kama yuko tupu, mpangie Agosti, azae Mei.